Ushindi wa Mezani

Foleni ya lifti pale kituo cha Skärholmen ilikuwa ndefu kama ya kuomba viza, na Dancille hakuwa na muda wa kupoteza. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, saa ambayo nusu ya watu wa kusini mwa Stockholm wanatoka sokoni na mifuko ya nyanya na pilipili, na nusu nyingine ndiyo kwanza wanaingia. Alivaa koti jekundu la kufika magotini, kichwani kitambaa cha kitenge, miguuni raba, na mbele yake alikuwa anasukuma kigari cha mtoto. Aliitazama ngazi ndefu ya kushukia treni akasonya.

"Pardon, mama. Nikusaidie?"

Aliyesema alikuwa mwanaume mrefu mwenye mabega mapana, ndani ya sare ya dereva wa basi, vidole vyake viwili vimefungwa plasta. Mji huu una watu watakaokaa nawe kwenye treni miaka kumi bila salamu, lakini wakiona mama na kigari kwenye ngazi, wanaruka. Huyu naye alikuwa ameshajifunza. Akashika magurudumu ya mbele, akanyanyua, akaguna.

"Eee! Mtoto muzito hivi! Unamulisha nini?"

"Umeme."

Mwanaume akafikiri amesikia vibaya. Walipofika chini akafunua blanketi amwone mtoto, akakutana na ubao mweusi wa matokeo, wa taa, umefungwa kwa mikanda kama mtoto kweli. Akacheka mpaka watu wa foleni ya lifti wakachungulia.

"Usicheke," Dancille akasema, ingawa naye alikuwa anacheka. "Sina gari, na huo ndio ubao pekee wa ligi nzima."

"Ligi gani?"

"Ya futsal. Mpira wa ndani. Timu sita, za kulipwa."

"Za kulipwa!"

"Kidogo. Nimesema usicheke."

Mwanaume akaacha kucheka, akamtazama upya kuanzia kitambaa mpaka raba. "Basi weye ndiye Dancille. Ule mkubwa wa ligi anayetuandikia barua za ukali. Miye ni Arsène, kapteni wa Tanganyika, ya Vårby gård. Juzi umeniandikia kwamba jezi zetu hazina namba mgongoni."

"Hazina namba."

"Sasa zinazo. Nimezishona mwenyewe." Akamwonyesha vile vidole vyenye plasta.

Mapenzi mengine huanza kwa maua. Haya yalianza kwa sindano. Dancille alikuwa wa Bujumbura, Arsène wa Uvira, miji inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya ziwa, na ilibidi waje mpaka kwenye barafu ndipo waonane. Kufikia Krismasi Arsène alikuwa anampigia simu kila kituo cha mwisho cha basi lake, dakika nne za mapumziko, zote za Dancille.

"Mkubwa wangu, umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate haiko chakula. Kuja ku Vårby, shangazi amepika sombe."

Huyo shangazi, Mama Perpétue, ndiye aliyemlea Arsène katika kambi ya wakimbizi baada ya wazazi wake kufa, ndiye aliyekuja naye Sweden, na Arsène hakuwa na ndugu mwingine nchi hii yote. Hakukosa mechi hata moja. Aliketi safu ya mbele, kitenge juu ya koti la baridi, na kila Arsène alipodaka mpira alisimama akawaonyesha watu kwa mkono, kama vile hawajui huyo ni wa nani. Dancille alimpenda hata kabla hajawa na uhakika kwamba anampenda mpwa wake.

Ligi yenyewe ilikuwa mgonjwa wa kubebwa. Asubuhi Dancille alihudumia wazee katika nyumba yao huko Hagsätra. Mchana aligeuka katibu, mfagiaji na mwenyekiti wa ligi. Ukumbi wa shule waliupata Jumapili tu, na watu wa magongo ya ndani, ambao Waswidi wanawapenda kuliko mpira, walikuwa wanauvizia. Manispaa ilisema wazi: timu sita, mnabaki na saa zenu, zikipungua, saa zinakwenda kwa wengine. Na timu zilikuwa zinasuasua. Leo mchezaji ana zamu hospitali, kesho theluji imezuia treni, mwamuzi amekuja anakuta watu watatu tu, wamekaa uwanjani wanaangalia simu. Desemba viongozi wakapitisha sheria: timu isiyofika ndani ya robo saa, mwenzake anapata ushindi wa mezani. Ukikosa mara tatu, umetoka. Aliyeitetea sheria hiyo kuliko wote alikuwa Arsène.

"Weka kali," alisema mkutanoni. "Ukimuhurumia mumoja, kila Jumapili tutasikiliza vilio."

Tanganyika wakawa wa kwanza kuionja: mara moja kwa sababu ya theluji, mara ya pili kwa sababu wachezaji wanne walikuwa kazini. Ndipo maneno yakaanza. Ludovic, kiongozi wa Étoile ya Skärholmen, mtu wa miwani ya jua hata Januari, alisema mbele za watu kwamba ratiba ya ligi inapangwa kitandani. Dancille alirudi nyumbani akalia kwa hasira. Kesho yake akajitoa kwenye makundi yote ya WhatsApp ya timu, asije akaambiwa anasikia siri za upande mmoja. Halafu akampigia Arsène.

"Mpenzi, tufanye hivi. Wiki mkiwa na mechi, kuanzia Alhamisi mpaka filimbi ya mwisho, hatupigiani. Hata ujumbe."

"Siku tatu! Unataka nife?"

"Nataka ligi isife."

"Sawa, mkubwa wangu. Lakini Jumapili saa kumi jioni nitakupigia mpaka simu iungue."

Wakacheka. Wakafanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili Jumapili jioni ilikuwa tamu kama arusi.

Jumapili ya tatu, mwisho wa Februari, Étoile walikuwa uwanjani kuanzia saa saba na nusu, wanapasha misuli. Mechi ilikuwa saa nane mchana. Dancille alivaa gauni la kijani ambalo Arsène hakuwa amewahi kuliona. Alitaka Arsène alione kwa mbali akiwa golini anadaka. Saa nane ikafika, upande wa Tanganyika mtupu. Emmanuella, dada wa Kinyarwanda aliyekuwa akikaa naye kwenye meza ya matokeo, akamtazama.

"Da Dancille, mpigie."

"Ni Jumapili kabla ya filimbi. Tumekubaliana."

"Basi acha nimpigie mimi."

Simu ya Arsène ilikuwa imezimwa. Dancille akatazama mlango. Moyo ulimwambia kuna jambo. Akili ikamwambia Ludovic anamwangalia, na nyuma ya Ludovic timu nne nyingine zinasubiri kusikia amefanya nini. Saa nane na dakika kumi akaomba mwamuzi aongeze muda kidogo. Ludovic akainua kidole. "Aha! Si niliwaambia?" Watu wakaguna. Saa nane na robo Dancille akachukua kalamu, akaandika: Tanganyika, hawakufika. Tano kwa sifuri. Akatia sahihi, akatuma kwenye ukurasa wa ligi, na kwa kuwa ilikuwa mara ya tatu, akaambatanisha barua ya kuwaondoa. Alidhani Arsène amemdharau mbele ya mji mzima.

Saa kumi simu haikulia. Wala Jumatatu. Jumanne mchana Emmanuella akaja mwenyewe mpaka kazini Hagsätra, hata viatu hakuvua.

"Da Dancille. Mama Perpétue alifariki Alhamisi jioni. Moyo. Matanga yako Vårby."

Dancille aliketi chini jikoni palepale. Alhamisi jioni. Habari ilikwenda kwenye kundi la timu, ambamo alikuwa amejitoa. Ilitangazwa katika kanisa la Wakongomani, ambamo yeye hakuwa akisali. Wachezaji kumi na wawili waliilia habari hiyo, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, kwa sababu kila mmoja aliwaza jambo moja la kawaida kabisa: huyu ni mwanamke wa Arsène, amejua kabla yetu. Na mfiwa kwao hashiki simu kuwatafuta watu. Mfiwa anakaa, watu ndio wanakuja.

Alikwenda na kilo za sukari na katoni za soda, kama mtu mwingine yeyote. Nyumba ilijaa mpaka ngazi. Alipoingia, mmoja wa wanawake waliokaa kwenye mikeka akasogea kumpa nafasi, bila kumtazama. Arsène akatoka nje, akasimama naye kwenye ngazi karibu na dirisha. Ndevu zilikuwa zimemwota, macho mekundu.

"Nimesikia leo," Dancille akasema. "Arsène, naapa kwa Mungu. Leo."

"Minajua. Wamenieleza."

"Kwa nini hukupiga hata mara moja?"

"Tulikubaliana." Alisema bila ukali, na hiyo ikamuumiza zaidi. "Halafu nikafikiri utakuja tu. Ijumaa nilikaa nikiangalia mulango. Watu wakaingia, Dancille, watu siwajui hata majina, wamama wa Kenya, Waswidi majirani. Nikawa ninaangalia mulango. Jumapili Bravin, mumoja wa wachezaji wetu, akaniletea simu yake, akasema kuna barua kutoka kwa Dancille. Nikafikiri ni ya pole."

Dancille akafunika mdomo kwa mkono.

"Nitaifuta ile barua," akasema. "Msiba ni sababu. Nitaita viongozi."

"Fanya unavyoona."

Aliwaita Jumamosi adhuhuri, katika mkahawa mmoja pale Skärholmen. Alivaa nyeusi. Aliwaambia yote, hata mambo ya simu na ya Alhamisi, ambayo hakuna aliyemuuliza. Alidhani ukweli utawalainisha.

"Poleni na msiba," Ludovic akasema, na safari hii alivua miwani. "Kweli poleni. Lakini mwaka jana sisi tulizika kaka wa mchezaji wetu Emery, na tulicheza. Tulicheza tukilia. Ukifuta hii kwa mpenzi wako, mimi natoka."

"Na timu zikibaki tano, manispaa inachukua ukumbi," Dancille akasema. "Ligi inakufa hivyo hivyo."

"Basi ife kwa sheria."

Wengine wakatazama vikombe vyao. Dancille akaona wazi kwamba hakuna njia iliyobaki ya kuiokoa ligi, akafanya kitu kimoja alichoweza kukifanya akiwa na moyo safi: akawaambia Tanganyika wamerudishwa, ingawa matokeo ya mechi ile yalibaki yalivyoandikwa. Étoile wakatoka siku hiyo, timu nyingine ikawafuata Jumatatu. Katikati ya Machi manispaa iliandika barua ya heshima sana. Saa za Jumapili zilipewa watu wa magongo. Shirikisho la mpira, lililoisimamia ligi, likaifunga.

Siku ya mwisho alikwenda ukumbini mchana kufungua nyavu na kurudisha ufunguo. Arsène akaingia kuchukua sanduku la jezi. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Walifungua nyavu pamoja, kama watu waliooana zamani.

"Naenda Luleå," akasema. "Wanatafuta madereva. Wiki ijayo."

"Luleå ni mbali."

"Ndiyo sababu."

Dancille akaweka wavu chini. "Uniambie kitu. Unaamini kwamba sikujua?"

"Ninaamini. Hata siku moja sijafikiri ulijua." Akavuta pumzi. "Shangazi alitaka aende kwenu baada ya mechi ile. Jumapili ile ile. Alishona nguo. Alikuwa aende kwa baba yako mudogo kule Hagsätra aniombee weye. Ndiye alikuwa na mdomo wa kusema kwa ajili yangu, sina mwingine. Niko nakupenda, Dancille. Lakini nikikuona, ninakuwa tena pale kwenye kiti, ninaangalia mulango. Nimejaribu. Haitoki."

"Mimi naweza kungoja."

"Usingoje."

Alisema polepole, na Dancille akaelewa kwamba ameshalifikiria jambo hilo kwa siku nyingi, katika kila kituo cha mwisho cha basi. Akalia. Arsène akamshika bega, akaacha mkono pale, kisha akauondoa.

"Ninaomba kitu kimoja tu," akasema. "Dada zake wa Uvira wanaangalia matokeo kwa simu, walizoea, yeye alikuwa anawaambia wafungue. Siku aliyolala bado ndani ya jeneza, imeandikwa hatukufika. Wananiuliza mulikuwa wapi. Andika tulifungwa. Andika kumi kwa sifuri, si kitu. Lakini utoe ile neno, hatukufika."

Dancille angeweza kumdanganya. Angesema ndiyo, angemwacha aende Luleå na kitu kidogo mkononi. Lakini alikuwa ameshaandika barua tatu kwa shirikisho, na jibu lilikuwa lilelile.

"Haibadiliki," akasema. "Nimejaribu, Arsène. Ligi ikifungwa, na ukurasa wake umefungwa. Itabaki hivyo."

"Itabaki."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Akainua sanduku la jezi begani, akasema ubaki na amani, akatoka. Dancille aliketi kwenye sakafu ya ukumbi, akalia kwa sauti, bila kujificha, mpaka mlinzi wa shule, mzee wa Kiswidi mwenye rundo la funguo, akaja akachuchumaa mbele yake na kumuuliza kama kuna mtu wa kumpigia simu.

Alifikiri sana kabla ya kujibu. Akasema hakuna.