Chumvi kwenye Redio ya Mjomba

Kila alasiri akitoka shule, Shamsa alishuka ufukweni kumsaidia Aziza, mke wa mjomba wake, kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Kisha alipanda hadi kibanda cha mama yake, Mwanahalima, fundi wa redio pale Kilindoni. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maji ya kisima na kipande cha sabuni. Sheria ya Mwanahalima ilikuwa moja, na hakuwa na masihara nayo: hakuna kugusa redio kwa mikono iliyotoka kwenye mwani.

Ijumaa hiyo walikuwa wakitengeneza redio ya boti ya Mjomba Hafidhi, redio kuukuu ya kuitana baharini. Alfajiri mjomba na baharia wake, Mansuri, wangekwenda kuvua mbali, nje ya Ras Mkumbi, ambako simu ya mkononi haifiki.

"Njoo uone," Mwanahalima alimwita binti yake. "Sehemu hii ndiyo inayoshikilia masafa ya chaneli yetu yasihame. Inasukuma chaji kidogo kidogo ndani ya kapasita hii, kama mtu anayejaza mtungi kwa kijiko. Mtungi ukiwa na ufa, kijiko hakifui dafu. Sasa chumvi ikipata unyevu, ndiyo ufa wenyewe. Umeme unavuja juu ya bodi, masafa yanashuka, na mtu anaita asisikike. Kapasita hii imekufa. Ibadilishe, halafu sugua bodi kwa spiriti na mswaki."

Shamsa aliijua kazi ile. Mkono wake katika kulehemu ulikuwa mwepesi, na hata mama yake alimsifia. Lakini siku hiyo wenzake walikuwa wakicheza rede nyuma ya kibanda, na kelele zao zilimwasha miguu. Ndoo aliipita tu. Alibandua kapasita ya zamani, akaweka mpya, akaibonyeza kwa kidole chenye chumvi ya mwani. Chupa ya spiriti ilikuwa imebaki tone. Kwenda dukani kungemlia muda wote wa mchezo, basi akafunika redio akakaza skrubu.

"Umesugua?" mama aliuliza, macho yake kwenye redio nyingine.

"Nimesugua, mama."

Wakaijaribu. Ndani ya kibanda kile, chenye joto na ukavu wa bati, sauti ilitoka safi. Mjomba Hafidhi akaja kuichukua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, fundi wangu. Kesho asubuhi nitakuita, unisikie."

Shamsa akakimbilia rede.

Jumamosi asubuhi Mwanahalima aliwasha redio ya mezani, akakaa kwenye chaneli yao. Kimya. "Hafidhi huyo na uvivu wake," alisema, akaendelea na kazi. Jua lilipanda, upepo ukachafuka, maboti mengine yakarudi. Nahodha mmoja akasema boti ya Hafidhi hajaitia machoni tangu alfajiri.

Aziza alikuja akaketi kizingitini. Mikono yake ilikuwa bado na weupe wa chumvi iliyokauka. Shamsa aliitazama mikono ile. Alijua tangu asubuhi. Aliogopa kusema, na kadiri alivyonyamaza ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Sasa mbele yake alikaa mke wa mtu akimsubiri mumewe.

"Mama," alisema, "sikusugua ile bodi. Wala sikunawa. Nilikudanganya."

Aziza akainua uso. Mwanahalima hakumpiga mtoto wala hakumgombeza. Akaivuta redio yake ya zamani yenye kitufe cha kuzungushia masafa.

"Kwa hiyo huenda anaita," alisema, "ila si mahali tunapomsikiliza. Chaji ikivuja, masafa yanashuka."

Akakizungusha kitufe kushuka chini ya chaneli yao, taratibu, unywele kwa unywele. Mngurumo, mngurumo tena, kisha sauti ya mtu, inayokuja na kupotea.

"...injini imekufa... maji yanaingia... Mansuri amebanwa mguu... tunasukumwa nje, kaskazini ya mnara wa Ras Mkumbi... tunaita tangu asubuhi, hakuna anayejibu..."

Aziza alijifunika uso kwa kanga akalia. Mwanahalima alimjibu ndugu yake, lakini Hafidhi hakusikia, akawa anarudia yaleyale. Mwanahalima akashika simu, akawapigia wenye boti wa upande wa Ras Mkumbi, akawaelekeza.

Walifikiwa kabla jua halijazama, boti imejaa maji hadi magotini. Hafidhi alikuwa mzima. Mansuri alipelekwa hospitali, na huko mguu ukakatwa. Daktari alisema kama angeletwa mapema, labda ungepona. Mansuri huyu, asipokwenda baharini, alikuwa mkwezi wa minazi. Watoto wote wa mtaa wao walishakunywa madafu aliyoyaangua yeye.

Mwanahalima alimpeleka Shamsa hospitalini, mpaka kitandani kwa Mansuri, akamwambia aseme mwenyewe. Shamsa akasema yote, akilia. Mansuri alitazama dari.

"Nilikuwa namsikia mjomba wako akiita," alisema hatimaye. "Nikadhani watu wa nchi kavu wametutupa." Akageukia ukutani. Hakusema amemsamehe, na Shamsa hakuthubutu kuuliza.

Waliporudi kibandani, redio ya Hafidhi ilikuwa mezani, imefunguliwa. Kuzunguka kapasita mpya kulikuwa na ukungu mweupe, mwembamba, wenye alama ya kidole.

"Sikiliza, mwanangu," Mwanahalima alisema. "Kusahau kunawa ni kosa, na ningelirekebisha jioni ileile. Nami nilikosea kutoangalia kwa macho yangu. Lakini uliposema umesugua, ulinifumba macho. Na asubuhi uliponyamaza, uliniacha nimtafute ndugu yangu mahali asipokuwepo. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, hata ukiogopa. Mguu wa Mansuri haurudi."

Shamsa alitoka mlangoni, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, akanawa tena. Kisha akafungua chupa mpya ya spiriti, akachukua mswaki, akaanza kusugua. Safari hii mama yake alisimama kando yake akitazama.