Mkono Ulioshika Kalamu ya Mzee Hosea

Mzee Hosea Tidwell alilima karanga na pamba huko Georgia, Marekani, kwa miaka hamsini. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alimwachia mwanawe Delmar trekta. Waliishi nyumba moja, na kila jioni walikula pamoja: maharage, mkate wa mahindi, na chai baridi yenye sukari tele.

Jumapili moja kabla ya uchaguzi wa rais, walizozana mezani.

"Jumanne nitakupeleka kupiga kura, Baba," alisema Delmar. "Nitakushikia kalamu kama mara iliyopita."

"Utaniwekea alama kwenye chama changu?"

"Chama gani, Baba? Hapa kwetu nani anakipigia tena? Hata majirani zetu kina Purvis wamekihama. Hata mchungaji!"

"Chama hicho ndicho kilichotuletea umeme shambani. Baba yangu alilia taa ilipowaka."

"Babu alililia taa. Mimi nalilia bei ya karanga."

Mzee alicheka kidogo. "Mara iliyopita uliniwekea wapi?"

Delmar alimega mkate, lakini hakuula.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Niliweka nilipoona panatufaa sote."

Mzee Hosea alisukuma sahani, akaenda kukaa barazani peke yake.

Asubuhi alichukua fimbo, akavuka barabara hadi kwa jirani yake, Bi Eula Gadsden. Bi Eula alikuwa mwalimu mstaafu, na kila uchaguzi alifanya kazi kwenye kituo cha kupigia kura. Alikuwa Mweusi. Alikumbuka miaka ambayo watu wake walifukuzwa kwenye mlango wa kituo hichohicho. Kwake kura haikuwa mzaha.

Alimsikiliza mzee mpaka mwisho.

"Asiyeona vizuri ana haki ya kusaidiwa," alisema. "Lakini msaidizi unamchagua wewe. Anaweza kuwa jirani, ndugu, yeyote unayemwamini, ila si mwajiri wako. Kazi yake ni kuweka alama pale unapotaka wewe. Akiweka pengine, ameiba kura. Hilo ni kosa mbele ya sheria."

"Hata akiwa mwanangu?"

"Hata akiwa mwanao, Hosea."

Mzee alipapasa kichwa cha fimbo yake. "Na kama ninaweza kusoma mwenyewe, polepole?"

"Basi hakuna atakayekusogelea. Tuna kioo cha kukuzia maandishi. Ukikosea, usifutefute. Rudisha karatasi kabla ya kuitumbukiza sandukuni, tutakupa nyingine."

"Hutaniuliza nampigia nani?"

"Hata ndotoni sitakuuliza!"

Jumanne Delmar alimpeleka baba yake kwa gari. Walipofika kituoni, alizima injini.

"Baba, nilikosea. Nilidhani nakusaidia."

"Tungebishana mpaka sahani zivunjike, ningekubali," alijibu mzee. "Wewe ulinitoa kabisa kwenye mabishano."

Aliingia peke yake. Bi Eula alimpa karatasi na kioo. Alama ya kwanza ilienda kando. Aliomba karatasi nyingine, akapewa bila maswali. Ilimchukua nusu saa. Watu walipanga foleni nyuma yake, na hakuna aliyemharakisha.

Siku ya pili matokeo yalijulikana. Wilaya iliyokipigia chama cha Mzee Hosea tangu enzi za mababu ilikuwa imeelekea upande mwingine, tena kwa kura nyingi. Kwenye ghala la karanga, walipokuwapo pia Delmar na baba yake, wakulima walitaniana wakijaribu kuwakisia wachache waliobaki nyuma.

Delmar alimtazama baba yake. "Na wewe, Baba, ulimpigia nani?"

"Nilisoma majina yote mara mbili. Mengine sikuwahi kuyajua."

"Halafu?"

"Halafu nikapiga kura yangu."

Wanaume ghalani waliangua kicheko. Delmar naye alicheka, uso ukiwa umemwiva kwa haya. Hakuuliza tena. Miaka minne baadaye alimpeleka tena baba yake kituoni, akamfungulia mlango wa gari, kisha akabaki nje akimngojea.