Ndala Kwenye Kiuno cha Trekta

Pesa zote za tumbaku ya mwaka ule ziliishia kwenye trekta. Urban na mkewe Verediana, wakazi wa Bombambili, walikuwa wamechoka kulima kwa jembe la mkono shamba lao la Namtumbo. Basi Urban akaenda Msamala kwa dalali aitwaye Sixbert. Akarudi na trekta kuukuu lililopakwa rangi nyekundu mpaka linang'aa.

Halikuwa trekta la kawaida. Lilikuwa na vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vilivyoungwa katikati kwa pini nene za chuma. Magurudumu yote manne yalikuwa makubwa, na yote yalivuta. Likikata kona, lilijikunja kiunoni.

Jumapili baada ya misa, padri alilinyunyizia maji ya baraka nje ya kanisa. Ndugu wakapiga vigelegele, wakapanda popote penye pa kukanyaga. Emiliani, mdogo wake Verediana, alisimama pale kiunoni, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Urban akakata kona ya getini. Trekta likajikunja.

"Shemeji, mguu wangu!"

Urban akarudisha usukani haraka. Emiliani akachomoa mguu, kiatu kikabaki kimepondwa. Mguu wenyewe ulipona kwa rehema za Mungu.

Verediana akamgeukia mumewe. "Baba Oliva, ulitaka kuniulia ndugu yangu?"

"Lakini Mama Oliva, padri ameshalibariki."

"Padri amebariki trekta. Hakubariki ujinga!"

Na hilo halikuwa la mwisho. Njia nzima ya kurudi nyumbani trekta liliyumba kushoto na kulia, ingawa Urban aliushika usukani vizuri. Mvua zilikuwa mlangoni. Shamba lisipolimwa wiki ile, mwakani wangekula nini?

Kesho yake asubuhi Verediana alimwita Fundi Walburga, mama aliyetengeneza matrekta miaka mingi. Kabla ya kugusa chochote, Walburga alizima injini na kutoa ufunguo. Kisha alichukua chuma kirefu kilichofungwa ubavuni mwa trekta, akakipachika kwenye kiungo.

"Chuma hiki kinazuia trekta lisijikunje," alisema. "Bila hiki, usiingize hata kidole hapa. Na likiwa linatembea, mtu asisimame hapa kabisa."

"Sixbert hakutuambia," alisema Urban.

"Ulimwuliza?"



Walburga aliinama kuangalia kiungo. "Tundu la grisi limezibwa na rangi. Kiungo hiki kinataka grisi kila siku ya kazi. Huyu aliyepaka rangi hakuweka hata tone." Akaweka jeki, akanyanyua kidogo. Kiungo kikacheza juu na chini. "Pini zimelika. Ndiyo maana linayumba."

Akachokonoa kwa bisibisi. Kikatoka kipande cha mpira wa bluu, kisha kingine cha kijani. Verediana akaviokota.

"Hizi si ndala?"

"Ndala, dada. Wamezijaza humu ili kiungo kisigonge wakati wa kujaribu."

Verediana alivifunga vipande vile kwenye kanga. Tumbaku waliyoichuma kwa jasho, waliyoikausha kwa moshi mpaka macho yakawauma, imelipia ndala! Alipanda bodaboda moja kwa moja hadi Msamala.

Sixbert alikuwa na wateja watatu, amewasha trekta jingine.

"Zitazame hizi," alisema Verediana, akazitupa ndala mezani. "Zimetoka kwenye kiungo cha trekta ulilotuuzia."

"Mama, mashine kuukuu ni kuukuu. Mmenunua kwa macho yenu."

"Uzee si kosa, hata mimi nazeeka! Kosa ni kuficha. Na nyie wateja, injini hiyo ilikuwa baridi mlipofika?"

Wateja wakatazamana. "Tumeikuta ya moto," alisema mmoja.

"Basi imepashwa kabla, msione inavyosumbua kuwaka asubuhi. Leteni fundi wenu na jeki, kabla hamjatoa hata senti."

Wateja wakaanza kuondoka. Sixbert akamkimbilia Verediana, akasema pini mpya na bushi zinazozishika atazilipa yeye. Verediana hakumshukuru. Mtu hashukuriwi kwa kurudisha alichoiba.

Alhamisi pini mpya zilifungwa. Tangu hapo Urban alitia grisi kila asubuhi, na trekta likashika njia. Jumamosi mchana shambani, ikiwa imebaki ekari moja, wingu zito lilitanda. Jirani yao Pankrasi aliona mvua inakuja, akarukia kiunoni apate lifti hadi upande wa pili wa shamba.

Urban akazima injini.

"Endesha, baba! Mvua hiyo!"

"Mvua na inyeshe. Shuka."

Pankrasi akashuka, ananung'unika. Ndipo Urban akawasha tena. Matone ya kwanza yalipoanguka, ekari ya mwisho ilikuwa imeshalimwa.