Lango la Macho Meupe

Mkono wa chuma ulishuka kutoka juu ya lango, ukashika kidevu cha mfanyakazi kwa upole wa mama anayemnawisha mtoto, ukadondosha tone katika kila jicho. Punde wekundu ukafifia, taa ya kijani ikawaka na lango likafunguka. Mashine hiyo iliitwa mtakasamacho. Katika Shinyanga ya roboti na treni za angani, hakuna aliyeingia kiwanda hiki cha pamba bila kupita mikononi mwake.

Mhandisi Nyanzobe, aliyeibuni, alisimama pembeni akiitazama huku damu ikimchemka. Aliitengeneza kwa ajili ya vumbi la pamba. Tone lake lilichanganya dawa mbili: moja ya kutuliza mzio, nyingine ya kubana vishipa vya damu ili wekundu utoke. Hiyo ya pili si ya kuchezea. Ukiiendekeza zaidi ya siku mbili tatu, vishipa hulipiza kisasi: vinatanuka kuliko mwanzo, jicho linarudi jekundu zaidi, nawe unatamani tone jingine. Na kwa mtu ambaye njia ya maji ndani ya jicho lake ni nyembamba, inaweza kupandisha presha ya jicho ghafla na kumpofusha. Ndiyo maana Nyanzobe aliifundisha mashine kuuliza kwanza: una presha ya macho? Umevaa lenzi? Siku tatu zikipita, ikatae, impeleke mtu kwa daktari.

Leo, aliporudi kuikagua mara ya kwanza tangu msimu uanze, haikumuuliza mtu neno.

Mama mmoja mchambuaji wa pamba, aitwaye Mbuke, alifika akijishikilia ukutani.

"Shikamoo, mama. Unaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Kichwa, na jicho hili la kulia. Tangu alfajiri taa naziona zina pete za rangi, na nimetapika. Hebu nipishe nipate tone langu."

"Umelitumia tangu lini?"

"Tangu msimu uanze. Likiisha nguvu, narudi."

Nyanzobe aliuzuia mkono wa mashine kwa bega lake, akaita gari la wagonjwa. Meneja, Bwana Jilala, akatoka mbio.

"Mhandisi, mbona unazuia foleni?"

"Nani amezima maswali yangu?"

"Mimi. Yalikuwa yanachelewesha watu. Halafu wewe ni wa huku huku, unajua mama mzee akiwa na macho mekundu watu wanasema nini. Huyu wenzake waligoma kukaa naye meza moja. Ndipo nikaiagiza mashine isipitishe jicho jekundu. Nimemlinda!"

"Umemlinda?" Nyanzobe alipaza sauti, foleni nzima ikageuka. "Wenye ujinga walipaswa kufundishwa, wewe ukamtia dawa anayeogopwa!"

Hospitalini, daktari hakuzunguka. Jicho la kushoto waliliwahi. La kulia lilikuwa limekwenda, na halingerudi.

Mbuke aliigusa bandeji iliyofunika nusu ya uso wake.

"Bibi wa bibi yangu alipikia kuni maisha yake yote," alisema. "Moshi ukamharibu macho, yakawa mekundu, wakamwita mchawi. Walimjia na mapanga. Mama aliponisimulia, nilimshukuru Mungu kwa kuzaliwa wakati wa mashine."

Nyanzobe alitoka pale akilia kwa hasira, akalia njia nzima hadi kiwandani. Hasira yake ilikuwa juu ya Jilala, na juu ya ushirikina mkongwe uliovikwa chuma na kuitwa maendeleo.

Langoni taa ilimmulika usoni, ikawa nyekundu.

"Macho mekundu," mashine ilisema kwa sauti tamu. "Tulia nikutakase."

Mkono ukashuka kukishika kidevu chake. Nyanzobe aliukamata kwa mikono miwili, akaupinda mpaka kiungo kikakatika, dawa ikamwagika sakafuni.

"Mhandisi!" Jilala alimnong'oneza. "Futa machozi, watu wanakuona!"

"Acha wanione."

Akaigeukia foleni, macho yake yakiwa mekundu kama pilipili.

"Haya, nani ataanza kunikimbia?"

Hakuna aliyekimbia. Wanawake waliogoma kukaa meza moja na Mbuke walikuwa mbele kabisa, nao hawakuweza kumtazama.