Soketi Iliyo Mbali na Kitanda

Kila siku Kai Xin akirudi kutoka shule, kabla hajavua hata soksi, alipita kwanza chumbani kwa bibi yake kusafisha chujio la mashine. Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Ungeweza kuitundika begani kama mkoba wa sokoni, na nje ya nyumba ilitumia betri kwa saa chache. Ilivuta hewa ya chumbani, ikatengeneza oksijeni na kuipeleka puani kwa Bibi Gek Neo kwa mpira mwembamba. Mapafu ya Bibi yalikuwa yamechakaa. Ukizima mashine hiyo, midomo yake ilianza kugeuka rangi kabla hajamaliza bakuli la tambi.

Kai Xin alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika nyumba yao ya ghorofa ya tisa, mtaa wa Toa Payoh, yeye ndiye aliyekuwa karani. Mama yake, Swee Lian, alishinda akipika kwenye kibanda chake cha chakula na kurudi hoi. Bibi hakujua kusoma Kiingereza. Basi kila fomu iliyoingia kwenye simu alikabidhiwa Kai Xin, naye aliijaza chapuchapu na kujisikia mtu mkubwa.

Fomu ya meli ilifika wiki tatu kabla ya safari. Huko Penang, kisiwa cha nchi jirani, Poh Neo, dada yake Bibi, alikuwa kitandani, na habari zake zilizidi kuwa mbaya. Daktari alikuwa amemkataza Bibi kupanda ndege, na basi la kutwa nzima asingeliweza. Njia iliyobaki ilikuwa meli ya watalii, inayozunguka siku tatu na kutia nanga Penang kwa kutwa moja. Bibi aliitaka siku hiyo moja kuliko kitu chochote duniani.

Ndani ya fomu palikuwa na swali: je, kuna msafiri anayetumia kifaa cha tiba kinachohitaji umeme karibu na kitanda? Hapo Kai Xin alisita. Bibi alikuwa ameshaanza kupanga nguo zake, na kwao mzigo ukishaanza kufungwa ugonjwa hautajwi. Ni mwiko, wenyewe wanauita pantang. Asubuhi hiyo Mama alikuwa ametamka neno hospitali tu, Bibi akamwamuru akateme mate kuondoa nuksi. Lakini tusimlaumu Bibi peke yake. Kai Xin alikuwa na hofu yake mwenyewe, kwamba watu wa meli wakijua watamkataa bibi yake. Akabonyeza "Hapana". Mama alipomuuliza kama amewaeleza habari za mashine, alijibu ndiyo, tena bila kupepesa macho.

Siku ya safari mambo yalianza kuharibika tangu bandarini. Mama alikuwa amefunga ekstensheni ya umeme ya nyumbani ndani ya taulo. Mlinzi aliitoa, akaifunga karatasi yenye jina na kusema watarudishiwa mwisho wa safari, kwa sababu ekstensheni za abiria zinaweza kuleta moto melini. Mama hakubishana. Aliamini kwamba meli imeshaarifiwa na kila kitu kimeandaliwa.

Chumbani hapakuwa na kilichoandaliwa. Kulikuwa na soketi moja tu, juu ya meza ya kioo karibu na mlango. Kitanda kilikuwa kwenye ukuta wa pili, nacho kimekazwa sakafuni kwa skrubu. Walichomeka waya wa mashine, wakaivuta mashine mpaka mwisho wa waya, wakauvuta na mpira mpaka mwisho wake. Ulipungua kama urefu wa mkono. Wakambadilisha Bibi alale kichwa upande wa miguuni, bado haukufika. Mhudumu wa vyumba aliwaambia kwamba ekstensheni za meli wamepewa wote walioomba mapema, na haikubaki hata moja.

Bibi alikaa kwenye kiti cha mezani, amefungwa na mpira wake, akasema yuko salama na atalala hapohapo kitini. Hakuna aliyemwamini. Mtu wa mapafu yale hawezi kukaa kitini usiku tatu mfululizo.

Mara mlango ukagongwa. Aliingia nesi wa meli, mama mmoja wa Kifilipino aitwaye Marivic, ameshika orodha. Alikuwa amemwona Bibi na mpira wake wakati abiria wakifundishwa kuvaa jaketi za kuokolea, na jina lake halikuwa kwenye orodha ya wenye mashine. Alisema kwa upole, lakini alisema: kama hakuna njia ya kumpa mgonjwa hewa akiwa amelala, itabidi ashuke. Ngazi ya kushukia ingeondolewa baada ya nusu saa.

Mama alimwakia. Alisema wao waliandika kila kitu, na kama kuna mzembe, basi ni huyo karani wa meli aliyepoteza majibu yao.

"Nipe jina lake," Mama alisema. "Mtu kama huyo hafai kushika kazi za watu. Namshtaki leo hii."

"Nitakutafutia jina, dada," Marivic akajibu, na akaichukua simu yake.

Kai Xin alimtazama Bibi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na kuhesabu pumzi zake. Aliona wazi kwamba akisema, Bibi atashushwa. Asiposema, Bibi atashushwa vilevile, na mtu asiye na kosa atafukuzwa kazi. Hakuona mlango wowote wa kutokea.

"Anti, usipige," alisema. "Ni mimi. Niliandika hapana."

Mama aligeuka taratibu. "Umesema nini wewe?"

"Niliogopa watamkataa Bibi. Nikakudanganya, Mama."

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda na kufunika uso kwa viganja. Macho ya Bibi yalimwacha mjukuu wake, yakaenda kwenye sanduku la nguo, yakabaki huko.

Marivic aliirudisha simu mfukoni. Hakugomba. Alimuuliza Kai Xin mashine inatoa hewa kipimo gani, chujio limesafishwa lini, betri inakaa muda gani. Kai Xin alijibu yote sawasawa, maana mashine ile aliijua kama daftari lake. Nesi alipima urefu wa chumba kwa hatua, akatoka mbio, na akarudi na mpira mrefu wa mita nne kutoka zahanati ya meli.

"Waya siwezi kukuongezea," alisema. "Ila mpira naweza."

Mashine ilibaki mezani. Mpira waliubandika ukutani kwa plasta ili mtu asijikwae, ukafika kwenye mto wa kulalia na kubaki kidogo. Marivic alimbana Bibi kidole kwa kifaa cha kupimia oksijeni, akasubiri, akampigia daktari wa meli, naye akakubali. Ngazi iliondolewa Bibi akiwa ndani.

Kabla hajatoka, Marivic aliinama mbele ya Kai Xin.

"Swali lile haliulizwi ili kufukuza wagonjwa, mwanangu. Tunauliza ili tujue. Ungejibu kweli, mngepewa chumba chenye soketi kitandani, na ningewaagizia betri ya akiba ya kushukia Penang. Sasa siwezi tena. Muda umepita."

Na kweli haikupatikana. Betri ya Bibi ilidumu saa tatu. Teksi ilikula saa moja kwenda, na saa nyingine ilibidi kuachwa ya kurudi. Nyumbani kwa Poh Neo umeme ulikuwa umekatika siku hiyo, hapakuwa na pa kuichomeka mashine. Katika kutwa nzima ya Penang, Bibi alipata saa moja. Poh Neo alikuwa amekonda hata mto ulionekana mkubwa kwake. Dada wawili walishikana mikono, wakacheka jambo la utotoni ambalo Kai Xin hakulielewa, kisha taa nyekundu ya mashine ikaanza kupepesa. Bibi alijibandua mkononi mwa dada yake, kidole kimoja kimoja.

Waliporejea chumbani melini na mashine ikachomekwa tena mezani, Bibi akamwita Kai Xin kitandani.

"Fungua simu. Kuna meli mwezi ujao?"

Ilikuwepo. Kai Xin alitaka kusema jambo kuhusu sura ya Poh Neo, akashindwa. Bibi alikuwa ameiona sura ile kwa karibu kuliko yeye.

"Najua," Bibi alisema. "Huenda asinisubiri. Wewe jaza. Na lile swali, nisomee kwa sauti."

Kai Xin akasoma.

"Andika ndiyo," Bibi akasema. "Mimi nilikufundisha kuogopa kuutaja ugonjwa, nao ulikuwepo kifuani siku zote. Tuliowaficha ni watu wa kutusaidia tu. Andika mapafu, andika mashine, andika betri mbili. Na jina langu liandike lote."

Kai Xin akaandika, polepole, herufi moja baada ya nyingine.