Vidonge Alivyotupa Fundi Rangi

"Ukimwona tena yule mwanamume, utamfanya nini?" jirani muuza vitunguu aliwahi kumuuliza mshonaji.

"Nitamshona mdomo," alijibu, wala hakuwa akitania.

Mchumba wake huyo, fundi rangi, alikuwa akimeza vidonge vya virusi vya UKIMWI kabla hawajajuana, tena kwa siri na kwa kurukaruka siku. Mshonaji alipopimwa akakutwa na virusi, bwana akawahi kulitangazia soko zima kwamba mwanamke ndiye aliyemletea. Kisha akahama.

Leo soko limefurika, naye huyo anakuja, shati jeupe limenyooka, marashi yametangulia.

"Mpenzi, bado mrembo vilevile."

"Na wewe ulimi haujafupika."

Akacheka, akaegemea cherehani. "Nimekuja tuoane. Mwenzio nimepona! Kipimo hakikuona kirusi hata kimoja. Vidonge nimetupa wiki iliyopita."

Mguu wa mshonaji ukaganda kwenye pedali. Kipimo chake yeye pia hakioni kitu, na vidonge vyake viko kwenye mkoba. Muuguzi alimweleza sababu. Akinyamaza tu, kisasi kitajilipa chenyewe. Wazo hilo likawa tamu mno, hadi akaogopa. Mola, niondolee hili, akaomba. Likaondoka nusu.

"Kuna jambo hulijui, na usipolijua litakuzika," akasema. "Ila kwanza mgeukie jirani yangu. Mwambie nani alianza kumeza vidonge. Kwa sauti, baba, kama siku ile."

"Mpenzi, mbele za watu?"

"Kwani mimi jina ulinichafulia chumbani?"

Kola ya shati jeupe ikalowa jasho. "Ni mimi," akasema. "Nilivimeza kabla sijamjua yeye. Nilimsingizia."

"Hawakusikia kule kwa wauza viatu."

"Nilimsingizia!"

Kitunguu kikamponyoka jirani.

"Sasa sikiliza. Hujapona. Dawa ilivibana virusi visizaane, basi. Vingine vimelala ndani ya chembe za kinga, humo humo kwa askari wa mwili wako, kipimo hakivifikii. Ukiacha dawa vinaamka. Nenda kliniki leo hii."

Fundi rangi akashusha pumzi, akamshika kidole. Sauti ikawa ile laini ya zamani, iliyowahi kumfanya aunguze gauni la mteja kwa pasi.

"Kumbe bado unanipenda. Twende wote, mama. Tukitoka huko tukaoane."

Mshonaji akakitoa kidole chake taratibu. Akafunika cherehani, akachukua mkoba, akapita katikati ya jirani na fundi rangi, akatoka sokoni.