Kanzu ya Mjomba Dzombo

Jumapili ile gati la mto Ramisi lilifurika watu. Motaboti iliyozoea kuwatembeza Wazungu sasa, mwaka mmoja baada ya uhuru, ilimpakia yeyote aliyekata tikiti, na nusu ya Msambweni ilikuwa imejipamba kwenda kustarehe. Mwanapili alivaa gauni la kijani, buibui jepesi juu yake. Alipokanyaga ubao wa kupandia akateleza, mkono wa mwanamume ukamdaka.

"Taratibu, Pili. Mto huu hauna haraka."

Alikuwa Kibwana, aliyemwahidi ndoa kisha akatoweka mwaka mzima. Moyo ulimruka, halafu ukamuuma.

Mjomba Dzombo, aliyemlea Mwanapili tangu mamake afariki, alikwisha kuketi mbele, amewapa kisogo. Boti ikaingia polepole kati ya mikoko. Watu walikula mahamri, santuri ikaimba. Wao wawili walisimama nyuma, penye kelele za injini.

"Umependeza, mpenzi. Bado unaringa?"

"Nimringie nani? Ulinitupa."

"Mimi? Posa yangu ilirudishwa, Pili. Mjomba wako alisema hunitaki. Kesho naondoka na lori la Tanga, nimepata kazi huko."

Mwanapili hakuwa ameulizwa kitu.

"Posa mliipeleka wapi?"

"Tiwi, kwa baba yako. Shehe alituambia baba ndiye walii wa kukuoza. Baba yako akatuma kumwuliza mjomba, akajibiwa hunitaki."

Hapo akaelewa. Baba ndiye walii, sawa, lakini kwa Wadigo mtoto wa dada ni wa mjomba, na mjomba hapitwi. Alimkasirikia mzee, akamkasirikia na Kibwana. Tena alijua kwamba boti ikirudi gatini bila neno kusemwa, hatamwona tena mwanamume huyu.

"Nenda kamwombe. Sasa hivi."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Kwani ulitaka kunioa kwa siri?"

Kibwana alivua viatu, akaenda akapiga magoti mbele ya mzee. Mwanapili akasimama nyuma yake.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kukuomba Mwanapili."

Mzee aliyatazama maji mpaka boti ikamaliza kona nzima.

"Marahaba. Siku ile nilisikia mnakuja. Nikavaa kanzu yangu ya Idi, nikapika kahawa, nikaketi barazani kuwangoja. Mkapita na masinia yenu mlangoni kwangu, mkaenda Tiwi. Salamu tu mlinipa. Wewe ulinipita, nami nikasema uwongo. Mtoto sikumwuliza."

"Nisamehe, mjomba."

"Nanyi mnisamehe." Akamgeukia mpwa wake. "Pili, mama. Unamtaka huyu?"

Mwanapili alikuwa na maneno makali ya mwaka mzima mdomoni. Akamwona mzee ameiweka bakora chini, anangoja jibu lake, hamu ya kuyasema ikamwisha.

"Namtaka, mjomba. Ungeniuliza mwaka jana ningekujibu hivyo hivyo."

Mzee akainamisha kichwa. Boti ilikuwa imeshageuza, inarudi na maji.

"Na hilo lori lako la Tanga?" mzee akamwuliza Kibwana.

"Litaondoka bila mimi."

"Basi kesho njoo na wazee wako, mje kwangu kwanza. Nitakuwa barazani, nimevaa kanzu."